Kipande cha Mwisho Ubaoni

Mimi hufundisha maadili katika chuo kidogo cha Thika, na kuna swali moja ambalo sijawahi kulimaliza darasani: muungwana hasa ni nani? Vitabu vya kale vinasema ni mtu mwenye roho kubwa, anayependa kutoa na anayeona haya kupokea. Vya siku hizi vinasema heshima ni ya kila mtu, hata asiye na kitu. Swali hili natembea nalo kila mahali, hata kwenye nyama choma.

Tuko marafiki watatu wa kwaya moja katika kanisa la mtaa wa Landless. Mmoja alitoka Kakamega akaja kuendesha mashine kiwandani Ruiru. Mwingine ni karani, mtu wa koti na maneno mengi. Jumamosi moja tulikuwa Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma, zamu ya kuagiza ikiwa yangu, na kama kawaida kwenye ubao wa kukatia nyama kikabaki kipande kimoja. Kila mtu akajifanya anatazama barabara. Hilo hunichekesha siku zote, watu wazima watatu kuogopa kipande cha mbuzi.

Ila siku hiyo yule wa mashine alikuwa amekula ugali kwa haraka, na macho yake yalikuwa yakirudi ubaoni. Nilikuwa nimesikia kwamba kiwandani kwao watu wamesimamishwa kazi. Nikashikwa na wasiwasi. Nikimsukumia nyama nitamwaibisha, nikinyamaza mhudumu ataondoa ubao na rafiki yangu atarudi nyumbani na njaa. Nikaanza kutunga uongo, eti daktari amenikataza nyama.

Hakuningoja. Aliuvuta ubao kwake.

"Mwalimu, wacha nikwambie ukweli. Kazi iliisha. Tangu jana hadi tulipokaa hapa nilikuwa nimekunywa chai tu. Hii nitakula mimi."

Akaanza kula polepole, bila kuinamisha kichwa. Sikumwonea huruma, nilimwonea fahari, na nikajiuliza mbona vitabu vyangu havimjui mtu anayepokea namna hii.

Karani alivua koti, akalikunja magotini.

"Hata mimi walinisimamisha mwezi uliopita," akasema. "Kila asubuhi natoka na hii koti ndio bibi asijue."

Yule wa mashine akaacha kutafuna. Akachukua kisu, akakata nyama iliyobaki vipande viwili, akamsogezea ubao.

"Kula basi," akamwambia.

Karani akala.