Mafuta ya Nazi Kwenye Lifti

Roboti yetu ya mashindano ilikuwa na lifti ya kuinulia makasha: reli tatu za alumini, moja ndani ya nyingine, zikivutwa na mshipi wa kuvulia tulioununua Ngomeni. Niliibuni mimi, nikiwa kidato cha nne Malindi, na sikumruhusu mtu kuigusa. Mwalimu aliniambia nizipake reli grisi. Nikamjibu kwamba grisi hushika mchanga, na kwetu mchanga huingia mpaka kwenye chai. Nikapaka mafuta ya nazi, yaleyale ya nywele zangu. Lifti ikapanda na kushuka kama ndoo kisimani, na mwalimu akakubali kuwa nimemshinda. Basi kichwa kikanivimba.

Baba alikuwa ameweka sharti. Tukishinda Nairobi, nitakwenda chuo kusomea uhandisi. Tukishindwa, nitakaa kwenye duka la ami, Mambrui, mpaka nipate mume.

Nairobi tulifika Julai, wakati wa baridi. Asubuhi ya mashindano nilikuta mafuta yameganda chupani, meupe kama samli. Nikaibana chupa kwapani mpaka yakayeyuka, nikajipaka nywele, nikajifunga mtandio, nikatoka. Sikuwaza zaidi ya kichwa changu.

Uwanjani lifti ilipanda shubiri moja, ikakwama. Mota ililia, mshipi ukakaza, reli hazikusogea. Kanuni zilikataza kugusa roboti hadi muda uishe. Nikiwa nyuma ya mstari, mikono inaning'inia, ndipo nilipoikumbuka ile chupa. Dawa niliijua: joto la viganja vyangu tu juu ya reli. Nilisimama pale kama mfungwa mpaka kengele ikalia, na nilijichukia.

Jioni nilimpigia baba, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, na upole ule ndio ulionikata maini.

"Haya mwanangu, umejaribu," akasema. "Mtihani ukisha, ami yako akungoja."

Huu ni mwaka wa tatu. Duka ni jembamba, kaunta mbele, magunia nyuma, nami katikati, na sitasema nimezoea. Mafuta ya nazi yako rafu ya pili. Mteja akitaka kuyaona, humgeuzia chupa nayo yakatiririka upande hadi upande. Hayajaganda hata siku moja.