Gaspar na Jeneza la Mzee Alfonsi

Huko Chanika, kwenye jumuiya ya Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, nyimbo sasa zinaimbwa bila besi. Mwalimu Demetria anaanzisha, kinamama wanapokea, wanaume wawili watatu wanaitafuta sauti ya chini na kuikosa. Wanaendelea hivyo hivyo mpaka ubeti wa mwisho, wimbo ukiwa mwepesi kama chumba kilichotolewa vyombo.

Besi ilikuwa ya Gaspar, mtu wa Muleba, karani wa yadi ya makontena Kurasini. Yeye na mkewe Jovina walikuwa wamejenga Chanika, wakapanda migomba nyuma ya nyumba, wakangoja mtoto. Mtoto hakuja. Mama yake Gaspar alikuwa akipiga simu kutoka kijijini na kuomba apewe Jovina.

"Wenzio mliofunga ndoa wakati mmoja wanasomesha," alisema mama. "Wewe unalea nini huko?"

"Ndiyo, mama. Tuombeane," Jovina alijibu, akarudisha simu kwa mumewe bila kumtazama.

Mwishowe walikwenda kupima wote wawili. Daktari alieleza kwa upole kwamba Jovina hana tatizo. Mishipa ya damu kwenye korodani za Gaspar ilikuwa imevimba, hasa ya kushoto. Joto linazidi, mbegu zinakuwa chache na dhaifu. Inawezekana kufunga mishipa hiyo kwa upasuaji, na wengi hupata watoto baadaye. Njiani kurudi Gaspar alisema jambo moja tu.

"Asijue mtu."

"Hata mama?"

"Mama hasa."

Jovina alikubali. Gaspar alichukua likizo, akanunua chupi mbili za kubana kama alivyoagizwa. Jovina alizifua na kuzianika chumbani, nyuma ya pazia, jirani asije akazihoji. Usiku wa kuamkia upasuaji Gaspar alikaa na njaa yake ukumbini, akinyoa ndevu ambazo hakuna aliyemwambia anyoe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi na vidonda viwili vidogo kinenani, kimoja kila upande, na masharti: asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa, hata ndoo ya maji. Basi Jovina akawa anateka peke yake, na Margareta, jirani yake, akawa anamtania kisimani.

"Shoga, siku hizi baba kapandishwa cheo? Ndoo hazishiki tena?"

"Yuko likizo, mwache ale raha."

Zile zilikuwa siku zao nzuri. Jovina alimpikia ndizi na samaki, akamwekea mto ubavuni. Jioni moja alimuuliza mtoto watamwita jina gani. Gaspar alisema, "Usimwite bado." Lakini alikuwa anatabasamu, na Jovina aliliona tabasamu hilo.

Wiki haijaisha vizuri, Mzee Alfonsi akafariki. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyewapa mbegu ya migomba. Kwenye jumuiya ile wanaume ndio wanaochimba kaburi na kubeba jeneza, na asiyeonekana hukumbukwa siku msiba ukimfika yeye.

"Usiende," Jovina alimwambia. "Au nenda ukae kwenye kiti. Sema una ngiri umepasuliwa."

"Wakisikia ngiri watacheka. Watasema ndiyo maana hatuna mtoto."

"Wacheke."

"Nitaimba tu. Sitashika kitu."

Makaburini gari liliishia barabarani, kwa kuwa njia ya ndani ni mchanga mtupu. Watu wakajipanga kubeba mabegani. Nafasi moja ikabaki wazi. Praygod, fundi bomba ambaye hata msibani mdomo wake haupumziki, akageuka.

"Braza Gaspar, tunapungukiwa huku. Kuchimba hukuja, na kubeba nako unatuachia? Au karani unaogopa kuchafua shati?"

Watu walicheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Jovina alikuwa miongoni mwa wanawake, kanga kichwani. Alimwona mumewe akikunja mikono ya shati. Neno lilimfika kooni, na kwa sababu ya ahadi yake akalimeza. Gaspar aliinama, akainuka na jeneza begani, akaimba mpaka kaburini.

Jioni alikuwa amevimba hata hawezi kubana miguu. Damu ilikuwa inavujia ndani, upande wa kulia. Alisema ngoja kupambazuke, na kulipopambazuka akasema ngoja kidogo tena, maana waombolezaji walikuwa bado wamejaa pale nje na wangemwona anavyotembea. Walipofika hospitali, usaha ulikuwa umeshaingia. Walitoa korodani ya kulia. Iliyobaki ni ile ya kushoto. Daktari alisema tangu mwanzo yenyewe haikuwa na mbegu za kutosha, na sasa hataki kumdanganya, asitegemee mtoto.

Jovina alimuuguza mpaka kidonda kikafunga. Hakumgombeza. Siku aliyoanza kutembea sawasawa, alimwekea chai mezani, akakaa upande wa pili.

"Mie nimeitwa mgumba miaka yote hii kwa ajili yako, nikanyamaza," alisema. "Wewe umeshindwa kuitwa mgonjwa siku moja."

Gaspar alisogeza kikombe, akakirudisha.

"Mpigie mama yako," Jovina akasema. "Mwambie wewe mwenyewe, mie nikiwa hapa hapa."

Alichukua simu. Aliitafuta namba, akaitazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kisha Jovina akainuka, akaingia chumbani kukunja nguo zake.

Jovina yuko kwa dada yake Tegeta, anafundisha chekechea. Nyumba ya Chanika ina wapangaji. Gaspar amepanga chumba Kurasini, nyuma ya yadi, na mama yake bado anamuuliza kwa simu lini ataoa mwanamke anayezaa.