Sahani Moja, Pande Mbili

Daktari aliniambia wazi kwamba goti langu halipasuliwi mpaka nipungue. Wanga niweke mbali: ugali, chapati, mchele, muthokoi. Sahani nijaze mboga, kando yake yai au kipande cha nyama. Ai! Mkamba unamwambiaje aache muthokoi? Lakini goti lilikuwa limenichosha. Ngazi za dukani kwangu nilikuwa nazipanda nikishika ukuta, na mimi si mtu wa kushika ukuta. Nikakubali.

Mwanzoni nilijidanganya na ndengu. Nilikuwa napiga bakuli zima nikisema hii si ndiyo protini, mpaka mizani ikanicheka. Basi nikabaki na majani ya kunde, managu, mayai, na nyama kutoka bucha ya Msomali hapa mjini, ambaye aliniuliza kama siku hizi nina wageni kila siku. Nguo zikaanza kulegea. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo?

Shida ilikuwa Jumamosi. Mama yangu anaishi peke yake Masinga, na Jumamosi ni siku yake. Tangu baba atuache tumekuwa tukila sahani moja, yeye upande wake, mimi wangu. Ijumaa alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi kwenye kinu, anapepeta, maganda anawarushia kuku. Nikifika, muthokoi na mbaazi viko tayari mekoni.

Jumamosi hiyo nilifika na kikopo changu cha kunde na mayai ya kuchemsha. Nikamweleza habari ya goti na daktari. Alisikiza vizuri, akanipa pole, akafunika sufuria yake. Alisema yeye atakula baadaye. Nikaamini.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki: mimi na kikopo, yeye na kikombe cha chai. Nilikuwa namwonyesha jinsi rinda linavyonipwaya, naye anasema, "Naona." Siku moja nikimuaga nilisikia mkono wake umekuwa mwembamba, nikasema ni uzee. Nikaenda zangu.

Halafu Jumamosi nyingine nikaenda nyuma ya jiko kuchuma kunde, nikakuta kuku ameatamia ndani ya kinu. Kinu cha mama! Sisi utotoni tulikuwa tukikikalia tu tunachapwa. Nilirudi ndani na hasira, nikamuuliza amekuwa akila nini siku hizi zote. Akasema chai. Na ndizi, akikumbuka.

"Mwaitu, mama yangu, kwa nini?"

Alipangusa meza ambayo haikuwa chafu. "Muthokoi hautwangiwi mtu mmoja," akasema. "Na ile sahani ni kubwa kwangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe tulikuwa tunapungua wawili, mimi kwa amri ya daktari, yeye kwa kukosa mtu wa upande wa pili. Na mimi nilikuwa nakuja kumringia rinda.

Muthokoi sikuurudia. Goti ni goti. Lakini Ijumaa iliyofuata nilifunga duka mapema, nikaenda. Kuku hatukumtoa, tukaazima kinu cha jirani. Nilitwanga nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mama akinicheka kwamba natwanga kama mtu wa Nairobi. Kesho yake nilipakua mwenyewe kwenye sahani ile ile. Upande wake muthokoi, upande wangu kunde na mayai. Aliitazama sana, nikaogopa ataisukuma.

Akaanza kula. Alikula polepole, halafu si polepole, mpaka upande wake ukabaki mweupe. Kisha mkono wake ukavuka, ukachukua yai langu bila kuomba, akalitafuna akiangalia nje kama si yeye. Nililia palepale, kunde mdomoni, na sikujali kama ananiona.