Kisu Kisichokunjwa

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alitandika mkeka ufukweni Kunduchi, kando ya ndoo ya samaki tuliowanunua, akaanza kupanga visu vyake. Ana ugonjwa wa visu, shemeji huyu. Anacho cha kuwindia, ingawa sijasikia amewahi kuwinda hata panya. Anacho cha kambini chenye filimbi kwenye mpini, na kingine chembamba cha samaki, ndani ya ala ya ngozi ambayo bado inanukia duka. Havikunjwi hata kimoja, kwa sababu kisu cha kukunja, anasema, kitakukunjia vidole siku unapokihitaji. Hapo namuunga mkono.

"Na wewe sista, umekuja na nini?" akaniuliza. "Cha kukatia nyanya?"

Watu wakacheka. Nikavuta kikapu changu, nikatoa kipande cha khanga kuukuu, nikakifungua bila haraka. Ukinifahamu, rafiki yangu, utajua nilivyokuwa nimeisubiri siku hiyo.

Ndani yake kulikuwa na kisu cha bibi. Mhunzi mmoja wa Tandale alikifua kwa springi ya lori, chuma chake kikapita ndani ya mpini wa mninga mpaka mwisho, ndiyo maana hakijalegea hadi leo. Bibi aliishi hapahapa Kunduchi, nyuma kidogo ya pale wanaposhusha samaki. Nikifumba macho nasikia nazi ikikunwa, mafuta yakichemka, na kile kisu kikipita juu ya jiwe la kunolea kila asubuhi kabla ya chai. Alipasulia samaki, akavunjia nazi, akawakatia wavuvi kamba zilizojifunga. Kazi zangu mimi zilikuwa kupepea moto, kuchota maji na kufukuza paka. Nilikitamani kisu kile kuliko gauni la Idi.

Lakini kwa bibi kisu hakikutolewa mkono kwa mkono. Alikiweka juu ya ubao, mpini ukikuelekea, uokote mwenyewe. Na ukishaokota, kazi ni yako mpaka iishe. Mbele yangu hakuwahi kukiweka.

Basi ikafika siku ya wageni wa posa ya mama mdogo, wanatoka Mtoni. Mama mdogo alimpenda yule kijana mpaka chakula kilikuwa hakimshuki, na mama wa kijana alisifika kwa kutafuta sababu. Pilipili ikizidi, sababu. Mkeka ukikunjamana, sababu. Bibi akaamua kumziba mdomo kwa chewa wa nazi, akanunua chewa mkubwa ambaye mimi sikuweza kumnyanyua peke yangu.

Kabla ya kumgusa chewa, akaanza na chafi wa kukaanga. Mwiba wa chafi ukamchoma kiganjani. Kama umewahi kuchomwa na chafi sina haja ya kukueleza. Mkono ukavimba kama andazi, na jirani yetu, mama mmoja wa kutoka bara, akakimbia kumletea maji ya moto auloweke.

"Binti yako si huyo hapo?" jirani akasema. "Apasue yeye."

"Huyo anatetemeka tangu alfajiri," bibi akajibu. "Atatutumbulia nyongo."

Nyongo ndiyo ilikuwa hofu yetu sote. Ikitumbuka, nyama inageuka chungu na hakuna tui litakaloiokoa. Mama mdogo alisimama mlangoni amejishika mashavu. Bibi akamtazama, akanitazama mimi, kisha kwa ule mkono mzima akakiweka kisu juu ya ubao. Mpini ulikuwa upande wangu.

"Jamani bibi! Katoto haka?" jirani akang'aka. "Kakitumbua je?"

"Tutawapa wali mtupu. Haya mjukuu wangu, okota."

Nikaokota. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na mpini ulikuwa na vuguvugu la mkono wake. Nikapara magamba mpaka yakanijaa nywele. Kisha nikaanzia chini ya tumbo kupanda kooni, ncha ikitazama juu, nikipasua ngozi tu, kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote huku nikifukuza paka. Nikaingiza mkono. Nikalipata ini, na pembeni yake kile kifuko laini. Nikakata polepole, nikavuta, nikakilaza kwenye ubao: kijani, kizima, hakijavuja hata tone.

Jirani ndiye aliyepiga vigelegele wa kwanza, tena vya kwao bara, mpaka kuku wakatawanyika. Mama mdogo alinikumbatia na magamba yangu. Nilifurahi mpaka nikaona uwanja haunitoshi.

Wageni walikula. Mama wa kijana aliomba aongezewe mchuzi, akaguguna kichwa cha chewa, kisha akauliza samaki kapasuliwa na nani. Bibi akaninyooshea kidole nilikokuwa nawanawisha watu mikono. "Shikamoo," nikasema, gamba bado liko kwenye nyusi. Mama mdogo aliolewa, na tangu siku ile mpini ukawa unaelekea kwangu.

Leo uwanja wa bibi uko nyuma ya ukuta mrefu. Lile jiwe la kunolea sijui nani kalichukua, na pale kwa mhunzi wanauza makava ya simu. Bibi mwenyewe tumemzika. Namkumbuka sana, hasa nikisikia harufu ya samaki wabichi asubuhi.

"Hebu nikione," shemeji akasema, amenyoosha mkono.

Nikakiweka juu ya ubao wa kukatia tuliokuja nao, mpini ukimwelekea. Mkono wake ukabaki hewani.

"Okota," nikamwambia. Akaokota. Nikamsogezea ndoo ya samaki.

Akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ule ubapa uliobaki mwembamba kwa kunolewa. "Kimeisha hiki, sista. Nusu nzima imekwenda wapi?"

"Tumeila, shemeji," nikamjibu. "Haya, para samaki."