Goli Nililolitangaza Kilosa

Wenzangu, mengi niliyoyafanya Kilosa huwa nayasimulia kifua mbele, lakini hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa. Walisema sitaweza. Mzee Senyagwa, mnyapara mkongwe wa shamba letu la mkonge, alilisema nikiwa nimesimama palepale: "Huyu kasomea televisheni, na nchi yenyewe haina televisheni. Kampuni ataiwezea wapi?" Mimi mtoto wa kibarua wa reli, niliyesoma kwa jasho langu mwenyewe, nikapata stashahada Ulaya, nikapanda hadi kuongoza matangazo ya mpira kwenye televisheni yao (wazungu wazima walingoja niinue mkono ndipo kamera igeuke), na baada ya Azimio la Arusha nikaitwa nyumbani kuwa meneja mkuu wa kampuni iliyotaifishwa. Maneno ya mzee yule yalinikaa rohoni.

Basi timu yetu ikapangiwa kucheza na wakata miwa wa Ruhembe, uwanja wa Mikumi, na lori la kampuni lilitosha wachezaji tu, nami nikatangaza kwamba wafanyakazi wote watausikia mpira hapahapa klabuni. Niliazima kipaza sauti cha kanisa, betri ya mwenye mashine ya kusaga, na kiti cha Mama Athumani wa kule Mabwerebwere, kwa sababu viti vya klabu vilikuwa vimevunjika na mwanawe Athumani ndiye winga wetu. Karani wa stesheni ya Mikumi, ambaye dirisha lake linatazama uwanjani, angenieleza mchezo kwa simu, nami ningeutangaza kama niuonaye.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mapumziko, simu ikafa. (Baadaye tuliambiwa tembo walikuwa wameangusha nguzo.) Nikainua macho, nikamwona Mzee Senyagwa amekunja mikono, ananisubiri, na badala ya kusema simu imekatika, nikaendelea. Nilidhani nitajaza dakika chache tu hadi karani arudi, lakini karani hakurudi, na mpira nilioushika mdomoni sikujua pa kuuweka, nikapiga kona, nikaokoa, nikamlaumu mwamuzi, mwishowe nikampa Athumani, akamtoka beki, akamtoka wa pili, akapiga kwa mguu wake wa kulia, goli. Mama Athumani alikaza kanga kiunoni akacheza hadi mbele ya meza yangu. Mzee Senyagwa akanipa mkono.

"Ndugu Meneja, nimekubali."

Sijawahi kusikia neno tamu kama lile. Nikaumaliza mpira kwa ushindi.

Lori lilirudi jua linazama. Watu walilikimbilia wakiimba jina la Athumani, wakamkuta amelazwa juu ya magunia, mguu wa kulia umefungwa vipande vya mbao. Kipa wa Ruhembe alikuwa amemwangukia gotini kabla ya mapumziko, ukazuka ugomvi, mpira ukavunjwa palepale. Waliokuwa nyuma, ambao hawakuona kitu, waliendelea kuimba kwa muda. Mama yake alimtazama, kisha akanigeukia, wala si kwa hasira.

"Ndugu Meneja, si ulisema kafunga?"

Mzee Senyagwa alivaa kofia yake akaenda zake, na tangu hapo alinijibu salamu na maswali ya kazi, basi.

Goti halikupona. Vitu vya watu vilikaa ofisini kwangu majuma mengi kwa sababu niliona haya kuvirudisha, hadi siku moja nikavibeba mwenyewe, kwa miguu, mjini watu wakitazama. Kipaza sauti kanisani, betri mashineni, mwisho kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiweke hapo."

Athumani akaniamkia kutoka chumbani, kisha akasema, "Ndugu Meneja, goli lile Kilosa nzima wamelisikia, mimi tu bado. Hebu nitangazie."

Nikalitangaza nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sauti ndogo, beki wa kwanza, beki wa pili, na nilipofika kwenye kupiga nikasema amepiga kwa mguu wa kushoto, ule mzima.

"Siku ile ulisema wa kulia," mama akasema, akavuta kiti chake akakikalia.

Kampuni niliiendesha, hilo hata wabaya wangu wanakiri. Lakini mpira sijautangaza tena, na simu ikikatika, nasema imekatika.