Pete ya Kumi

Pembe iliyo juu ya kaburi imepungua mwaka mmoja.

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikikata masikio, Mamatkerim amelala kifudifudi kwenye changarawe za bonde la Alichur, anahesabu tena. Kila msimu hupima darubini kwa pembe hiyo ya kondoo wa mlimani, iliyo kwenye kaburi la babu yake ng'ambo ya bonde. Darubini yake ya zamani inaonyesha pete kumi, kama siku zote. Mpya inaonyesha tisa. Upepo unapita ndani ya pembe, unalia kama mtu anayeita kwa sauti ya chini.

"Sasa ipi inadanganya?" anauliza shemeji yake Sheraly, mchunga farasi wa kambi ya uwindaji. "Au babu yako ameila moja ulipokuwa unafuta makamasi?"

"Funga mdomo. Anasikia."

Mamatkerim, mwenye miaka 52, huwaongoza wawindaji kwa somoni 900 kila safari. Mgeni anafika Alhamisi, na leo lazima achague darubini itakayopanda mlimani. Kanuni ya kambi haina mjadala: dume wa kondoo asiyetimiza pete nane za pembe haguswi. Pete moja ni mwaka mmoja.

Kwa miaka mingi, kila dume aliyeanguka alikutwa na pete moja pungufu ya zile zilizohesabiwa kwa darubini. Hakuna aliyeshtuka. Hapa kila mtu anajua kuwa mwenye kaburi huchukua mwaka mmoja kwa kila mnyama wa upande wake. Wawindaji humwachia nyama ya bega, kisha huondoka bila kugeuka. Kesho yake nyama haipo.

Pembe ya kaburini haiguswi. Leo Mamatkerim anapanda, anavua glavu, anapitisha kidole.

Tisa.

Juu ya ukingo, majike wapatao thelathini wamesimama kimya, wote wakimtazama yeye. Hakuna dume hata mmoja.

Anashuka, anaielekeza darubini ya zamani kwenye theluji tupu. Katikati ya kioo, pale pale anapoiweka pembe anapohesabu, kuna ufa mweusi, mwembamba kama unywele, kama mstari wa pete moja zaidi.

"Kwa hiyo babu hakuchukua kitu?" Sheraly anauliza, safari hii bila utani.

"Hakuchukua. Tulichukua sisi."

Atakwenda na mpya, anasema, na mgeni asipopata dume wa pete nane atarudi kwao mikono mitupu. "Mwenye kambi akinifukuza, poa. Nitachunga mifugo."

Ile ya zamani ameitumia misimu kumi na mmoja. Madume kumi na tisa wameanguka. Kumi na wanne walikuwa na miaka saba.