Bandeji Niliyoifungua kwa Ajili ya Udhu

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, sikuletewa na mtu, na nawaambia kwa sababu hapa Garissa wengi wanaijua nusu nusu, afadhali mjue yote.

Miaka hiyo ya tisini kidole gumba ya mguu yangu ya kulia ilikuwa imelalia zile zingine, mfupa umetokeza kando kama nundu ya ngamia, nikisujudu nalia (si kwa unyenyekevu, ni maumivu). Akaja daktari mgeni hospitalini, anakata mfupa kupitia kitundu kidogo tu, hakuna kidonda kubwa, hakuna chuma ndani. Mimi na jirani yangu Halima tukakatwa siku moja. Nesi akatuambia, "Mama, hii bandeji ndiyo inashika mfupa. Msifungue, msilowanishe, mpaka tuwaambie." Na sheikh alishasema dini imeruhusu kupangusa juu yake kwa mkono wenye maji, udhu ni sawa.

Lakini mimi (nilikuwa nimesoma darasa la jioni miaka miwili, najiona mwanachuoni) nikasema udhu yangu haitakuwa nusu. Nikafungua, nikaosha, nikafunga mwenyewe, kila swala. Halima akaniona.

"Abaayo, dada yangu, si tumekatazwa?"

"Wewe endelea tu kupangusa kama mtu wa hoteli anapangusa meza."

Maneno hayo yalimchoma, na yeye akafungua yake.

Siku ya kurudi hospitalini watu wamejaa, wanawake wengine wanangoja zamu ya kukatwa. Daktari akatazama picha za mifupa, vidole vyetu vimerudi palepale. Nesi akauliza mbele ya wote, "Nani alifungua?" Nikasema, "Wallahi sikugusa." Niliapa! Halima akainamisha kichwa, hakuniumbua. Daktari akasema basi pengine njia hii haifai, hatakata mtu mwingine, hao wanaongoja warudi nyumbani, na mama mmoja aliyekuja kutoka Tarbaj juu ya lori ya mbuzi akaanza kuvaa ndara zake polepole, machozi yanamtoka.

Nikasimama. "Ngojeni. Nimesema uongo. Mimi nilifungua, na huyu nilimcheka mpaka akafungua."

Mzee mmoja akasema, "Subhanallah! Unaapa Mungu kwa sababu ya kidole?" Watu wakacheka, wanaume kwa wanawake, na mimi nimesimama hapo na mguu wangu uchi.

Mama wa Tarbaj akakatwa, akapona. Mimi nikafunga siku tatu, kafara ya kile kiapo. Lakini Halima alikataa kukatwa tena, anasema ameogopa. Tunaswali safu moja mpaka leo, na kila akisujudu namsikia anavuta pumzi kwa meno. Mguu yangu nimesamehe. Hiyo pumzi ndiyo imenifanya niape, safari hii kweli, kwamba sitacheka tena ibada ya mtu.